Machozi ya Mama Kabugho

Umeme umerudi Kasese saa nane usiku.
Kwenye stoo ya parokia, kati ya magunia ya saruji,
Thembo anaiamsha kompyuta.

Mafuriko hatukuyapiga picha. Tulikuwa tunakimbia.
Basi tuliiomba akili unde ituchoree Nyamwamba,
na mawe yake makubwa kama ng'ombe.
Mara ya kwanza mto ulipanda mlima;
tukacheka, tukauelekeza upya,
ukashuka kwa kishindo hata nikanyanyua miguu sakafuni.
Chini tukaandika: maji haya yamechorwa na mashine.

Kisha Thembo, kwa kujaribu tu,
akabonyeza juu ya uso wa Mama Kabugho.
Machozi yakamtoka, mazuri, yenye mwanga wa mshumaa.
Wafadhili wangelia. Askofu angelia.

Lakini mama yule hakulia mbele yetu.
Alimenya mihogo, akawataja wanawe wawili,
akaomba kisu kingine kwani kile kilikuwa butu,
akasema, "Watu husema Mungu hana deni.
Kwangu analo. Na bado asubuhi namwimbia."

Amri ya nane niliikariri nikiwa na meno ya utoto.
Sikujua ingekuja kunisubiri
kwenye kitufe.

"Futa," nikasema.
Thembo akasita, akafuta.

Tukabaki na macho makavu, na mihogo,
na jogoo wa jirani
aliyewika katikati ya maneno yake, mara mbili.
Mashine ingemwondoa kwa dakika moja.
Tukamwacha.