Upande wa Pili

Ndugu yangu Ndahani aliacha vitu vichache:
nyundo ya kupasulia mawe, buti zenye vumbi jekundu,
deni la duka la Majengo nililolipa kwa awamu,
na kanda kumi na moja ndani ya boksi la biskuti,
hazina majina, namba tu, kwa penseli.

Alipokuwa hai nilimcheka.
"Hao ni paka wanne ndani ya pipa," nilisema,
"na mmoja anaumwa jino."
Naye, mtu wa ofisi ya madini, mvumilivu kama miamba yake,
alipunguza sauti kidogo. Hakuzima.
"Mbona hawaimbi? Maneno yako wapi?"
"Dada," akasema, "wewe ukishona,
uzi husema neno gani?"

Nikamwona mjuaji. Nikaendelea kukanyaga cherehani.

Arobaini ilipopita, ilikuwa Julai,
baridi ya Dodoma inaingia mifupani bila hodi,
mezani nina sare ishirini na saba za kwaya ya Chang'ombe.
Nikatia kanda namba nne.
Si kwa mapenzi. Nyumba ilikuwa kimya mno.

Juma la kwanza nilisikia kelele, na kujilaumu.
Juma la pili nilisinzia upande wa kwanza wote
mpaka sindano ikaniamsha.
Juma la tatu, nikipinda ukosi,
nikakamata kitu:
kile kisauti cha mwanzoni, noti tano, hazizidi sita,
kimerudi.
Kimerudi kimegeuzwa ndani nje, kama koti kuukuu
lililofumuliwa na kushonwa upya
hata mwenyewe akipishana nalo njiani
anaulizia bei.
Mguu ukasimama juu ya pedeli.
Kumbe hawa watu ni mafundi!

Basi nikajifunza kama nilivyojifunza kazi, kwa kufumua.
Leo nafuata sauti ya juu peke yake,
kesho ile ya chini, nene, inayokwaruza,
nayo ikanipeleka Mvumi, kwenye zeze la baba,
jioni akilikaza nyuzi na kusafisha koo
halafu asiimbe.
Sisemi ni kitu kimoja. Zeze ni zeze.
Ila sikio langu lilikuwa na mlango pale,
nami miaka yote nimeuwekea kabati.

Ngumu ni zile sauti za katikati.
Ni bitana: huioni.
Itoe, uone gauni linavyoning'inia.

Sechelela alifuata sare yake, ndoo ameiacha bombani,
mkono haujaachia kitasa.
"Nani tena amekufa?"
"Hakuna. Ngoja, hapo mbele inageuka."
Ikageuka.
Hakukaa, hakuondoka.
Ndoo ilifurika, foleni nzima ikamsema,
naye kesho yake akaja kunisema mimi.
Keshokutwa akaja na kiti chake.

Sasa tunagombana. Yeye anapenda palipo na haraka,
pale pinde zinapokimbizana kama mbuzi walioona jani.
Mimi napenda baada ya hapo, wanaponyamaza wote
na hujui kama wamemaliza
au wanavuta pumzi.
Hatujui nani alitunga. Hatujui lini.
Ndahani angetuambia, tena kwa kirefu,
na mimi ningemkatiza.

Machi, zabibu zikipita mtaani kwa ndoo,
redio ikaitafuna namba nne,
upande wa pili, mahali penyewe.
Nikautoa utepe kwa kibano, mikunjo kama utumbo wa kuku,
nikakata kwa mkasi wa hariri, nikaunga kwa selotepu.
Sijawahi kupiga mshono safi kama ule.
Lakini pumzi mbili zimepotea.
Muziki ukifika pale unaruka,
kama mguu uliotafuta ngazi isiyokuwepo,
na mimi, mdomo umejaa pini,
nazijaza kwa pua, taratibu,
mpaka wale wanne wanikute ng'ambo.