Shokapu za Nyuma

Mfukoni nina kamba ya katani yenye mafundo mawili:
la kwanza, shokapu ikiwa imejikunja,
la pili, ikiwa imenyooka hadi mwisho wake.
Mihayo alilala chini ya gari asubuhi nzima kuyapata,
akatoka na vumbi kwenye nyusi, akasema neno moja:
"Zimelia."

Nami niliona. Mafuta yametiririka mwilini mwake,
yakashikana na mchanga wa Ipole, yakawa ngozi ya pili.
Ya kushoto ukiisukuma inaingia kama kijiko kwenye uji
na haikumbuki kurudi.

Dukani kwa Bi Zuwena, nyuma ya soko,
harufu ya mpira mpya na ubani.
Niliomba ngumu kuliko zote.
Nikamhesabia: mapipa manane ya asali, magunia matatu ya nta,
abiria wa juu wasiokatalika,
na ile njia ya porini iliyokwanguliwa na greda mara moja
halafu ikaachiwa mvua iendelee na kazi.

Hakuinuka.
"Na ukienda, unakwenda na nini?"
"Mapipa matupu."
"Matupu," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Akaweka tatu mezani.
Ya njano, ngumu, wanayoipenda wabeba mbao.
Ya kijivu, ya gesi; bei yake ilinifanya nitazame mlango.
Na moja iliyotumika, imetoka Dubai,
imepakwa rangi usiku ili asubuhi iitwe mpya.
"Hii," alisema, "nawauzia wanaobishana."

Kisha:
"Shokapu haibebi mzigo, baba. Mzigo ni wa springi.
Springi ina nguvu ila haina adabu,
ikipigwa na shimo moja hurukaruka mpaka la nne.
Shokapu ndiyo inayoiambia, basi, limeshapita.
Funga hii ya njano: ukiwa umeshiba, itakutii.
Ukiwa mtupu itakugombeza njia nzima,
tairi litagusa ardhi kama mguu juu ya makaa."

Nilinyamaza. Nilikuwa napiga hesabu ambayo sijawahi kuipiga:
miaka kumi na mmoja nanunua vipuri kwa ajili ya kurudi,
na nusu ya maisha yangu barabarani ni kwenda,
mapipa yakigongana nyuma
kama masufuria ya harusi iliyoahirishwa,
na Nyanzala kando yangu ameshika kiuno kwa mikono miwili,
hasemi kitu.

Ingawa mwaka ule wa ugomvi na kaka yangu alisema:
"Wewe neno likikupiga Jumatatu, Alhamisi bado unaruka."

Nikachukua za kijivu. Mbili tu, za nyuma;
za mbele zimebaki kwenye boksi, jina langu juu yake kwa chaki.
Tulipima kwa kamba. Fundo la pili
lilizidi kwa upana wa kidole.
Bi Zuwena akarudi stoo bila kuguna, akaleta nyingine.

Mihayo hakukaza nati mpaka tairi ziwe chini
na gari limejikalia kwa uzito wake.
"Ukikaza likiwa hewani, bushi itaishi imejipinda."
Halafu akapanda bampa, akaruka kwa miguu yote.
Gari likashuka. Likapanda. Likatulia.
Akaruka tena, hakuamini.

Zile za zamani aliziomba.
Moja atafanya kigingi cha mbuzi,
nyingine hajui bado.

Kesho saa kumi alfajiri tunatoka Isevya.
Kabla ya msitu kuna daraja la magogo,
na baada ya daraja nyumba ya kaka yangu,
ambayo siku zote naipita mbio, vumbi likinifichia madirisha.
Nimemwambia Nyanzala safari hii tutakwenda polepole,
na mto wake wa kukalia auache nyumbani.

Ameniangalia mimi, akaliangalia gari.
Mto ameubeba vilevile.