Sindano

Ukuta wa Makande ni mwembamba:
Mwakireti akipiga chafya, mimi huitikia.
Miaka thelathini tumepakana hivyo,
yeye fundi wa reli, mimi karani wa bandari,
kati yetu tofali moja na rangi ya kijani ya serikali.

Kaka yangu Shee alikuwa baharia.
Alirudi kutoka Hamburg na santuri kumi na moja,
vijana wenye nywele za kiunoni juu ya majalada.
Mama akawafunika kwa leso, ati wasitutazame tukila.
Nilizipiga usiku, sauti chini,
sikio kwenye spika
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
Gitaa lile lilinikata na kunishona kwa uzi uleule.

Nilidhani niko peke yangu pwani nzima
mpaka Mwakireti alipohamia
akapigilia msumari wake wa kwanza
kwa mdundo ninaoujua.
Nikagonga ukuta, nikamjibu.

Kisha ukaja mwaka wa kufungwa midomo.
Ndoo na sabuni mlangoni kwa Swaleh wa viazi karai.
Kivukoni Likoni watu walitimuliwa kwa moshi wa kutoa machozi,
halafu wakaambiwa wasiguse macho.
Harusi ya binti wa Bi Rukiya ilihudhuriwa na watu kumi na watano;
biriani tuliila siku tatu.
Na sisi tukapigiana santuri ukutani,
saa moja yeye, saa mbili mimi.
Kafyu haikukataza gitaa kutembea.

Ilipokuja chanjo tukagombana.
"Tima, mimi nilizikataa kanda, nikaikataa sidii.
Nitakubalije kitu kilichopikwa miezi tisa?"
"Na mtoto je, hupikwa mingapi?"
Akanyamaza.
"Mtoto naye humwamini mpaka akue."

Nilikwenda peke yangu Port Reitz,
foleni imelizunguka jengo la wajawazito.
Mbele yangu kijana aliyesikia kwamba hatazaa tena, na bado amekuja.
Nyuma yangu mama aliyetumwa na mwajiri:
hana maoni, ana zamu saa nane.
Muuguzi Kadzo akanichoma bila kunitazama
akasema, "Mwingine."
Mkono ukaniuma kama nimepigwa na mtu anayenidai.

Wiki nzima ukuta ukawa bubu.

Ijumaa akaipiga ile ndefu,
ile inayokula upande mzima, ninayoipenda mimi, si yeye.
Nikajua nimesamehewa.
Gitaa likapanda, likakaa huko juu kwa ukaidi,
likashuka, likaisha.
Halafu: krrr-tk. Krrr-tk.
Sindano imefika mwisho wa santuri,
inazunguka pale pasipo na wimbo.

Mwakireti? Hawezi.
Mtu anayeinua sindano
kama anamtoa mtoto matongo?
Krrr-tk.
Saa nne ya kafyu ilishapita.
Nikagonga ukuta. Krrr-tk.
Nikavaa barakoa, nikatupia leso,
nikavuka hatua sita
ambazo usiku huo zilikuwa uhalifu.

Mlango haukuwa na komeo.
Yuko kwenye kochi ndani ya blanketi la reli,
anatetemeka mpaka miwani inagonga pua.
Matumbo yakanikatika.
"Umeshikwa," nikasema.
"Sijashikwa."
"Mwakireti, umeshikwa!"
Akakunja mkono wa shati
kwa aibu ya mtu aliyefumaniwa:
kipande cha plasta, cha asubuhi ileile.

"Usimwambie mtu," akasema.
"Hasa Swaleh. Nimebishana naye miezi mitatu."

Niliinua sindano. Nikageuza upande wa pili.
Nikaketi mita moja na nusu kutoka kwake, kama tulivyoamriwa,
na hatukusema lolote juu ya serikali.
Panadoli zake alikuwa amezificha ndani ya jalada;
zilianguka mapajani mwangu
nikisoma nani alipiga ngoma.