Kijipande Kisicho na Jina

Megabaiti mia. Ndivyo kilivyoandikwa,
bila jina, bila herufi,
kijipande mwanzo wa diski, chembamba kama ukucha,
nikakiona takataka aliyoisahau fundi wa mwanzo.
Kando yake vyumba viwili: kimoja kimefurika,
kimoja kitupu kama skuli wakati wa likizo.
Nikasema nibomoe kizigeu, nipanue.
Nikafuta kijipande. Nikavuta mpaka. Nikabonyeza Ndiyo
mara tatu, kwa sababu iliniuliza mara tatu,
na mie si mtu wa kuulizwa mara tatu.

Saa nne usiku, Wete, nyuma ya duka la Salhina,
nikaizima, nikaiwasha.

Weusi.
Kistari kimoja cheupe, juu pembeni, kinapepesa,
kinapepesa,
kama mtu kasimama mlangoni kasahau alilojia.
Kisha maneno: hakuna pa kuanzia.

Mle ndani mna mikarafuu ya marehemu baba,
mia mbili na kumi na saba, nimeihesabu mwenyewe,
kila mti na namba, kila namba na mrithi,
na kesho saa tatu tunakwenda kwa Kadhi.
Kaka Mbarouk haamini daftari langu,
nami siliamini lake,
ndiyo maana tukaiwekea mashine:
mashine haina upande.

Nimechomoa waya, nimechomeka.
Nimefungua ubavu, nimepuliza vumbi,
nimetoa kadi ya kumbukumbu nikaisugua kwa raba ya mtoto,
nimesoma Ayatul Kursiy.
Kistari kinapepesa.

Saa sita akaja Kombo wa steshenari,
flashi shingoni kama hirizi, andazi mkononi.
Hakuuliza umefanya nini. Aliuliza: umefuta nini?
Kitu kidogo tu, nikamwambia.
Akaacha kutafuna.

Flashi ikaiamsha mashine kwa roho ya kuazima.
Tukachungulia, kama watu wanaoitazama nyumba yao
kwa dirisha la jirani.
Mafaili yapo. Yote. Mikarafuu imesimama safu kwa safu.
Hakuna kilichokufa, akasema Kombo,
ila mlango ulikuwa kwenye kile kidogo.
Ikiamka, haijui kama ina nyumba.

Nami nikaukumbuka ujia.
Hatua mbili upana, baina ya ukuta wetu na wa shangazi Time.
Kwenye mirathi haukuandikwa; nani arithi ujia?
Mbarouk akaujengea stoo, matofali mia na ishirini,
na tangu siku hiyo shangazi huenda kisimani
kwa kuuzunguka msikiti mzima,
yeye, na ndoo, na magoti yake.
Kitu kidogo tu, tulisema sote.
Mie ndiye niliyeshika futi.

Kombo akakimega chumba kikubwa kwa huku mwisho,
akapata megabaiti mia mpya, akazipa herufi ya muda,
akaandika amri.
Ya kwanza ikakataa.
Ya pili, umeme ukakatika.

Tukakaa kizani na chai iliyopoa.
Jenereta ya hospitali ikaanza kukohoa, ikanyamaza.
Kombo akaniuliza stoo ina nini.
Nikafikiri.
Magunia matupu, nikasema. Na baskeli isiyo na mnyororo.

Umeme ulirudi adhana ikiwa nusu.
Amri. Tena amri. Kistari
kikapepesa, kikaganda,
kisha lile duara la vitone, likizunguka, likizunguka,
na ule mlio wa kufungukia niliokuwa nauchukia miaka yote.
Kombo alikuwa keshalala, shavu juu ya kibodi.

Nikachapa kurasa saba.
Chini ya ya saba, kwa kalamu, mkono wangu mwenyewe:
*Ujia. Hatua mbili. Wenyewe: wapitao.*

Kadhi sijui atasemaje.
Mbarouk nnajua.