Koo la Kapteni Ostler

Miaka ishirini na mbili nimekuwa koo la mtu
asiyejua kama nina jina.
Yeye husema kwa lugha yake, huko ng'ambo,
akilipwa kwa kila kovu analochorwa shavuni;
mimi husimama Budapest, chumba cha chini, kuta za sponji,
nikiifukuza midomo yake kwa Kihungaria.

Filamu ya tatu alitumbukia kwenye volkano.
Ya nne akatoka, koti limeungua, nywele zimechanwa.
Ya sita tukamzika kwa bendera na mizinga;
kumbe aliyekuwa jenezani ni pacha wake,
pacha ambaye hakuna aliyewahi kumtaja.
Basi mtu asinilaumu. Nilipoambiwa Ostler anakufa
nilimuuliza Gyöngyi, nyuma ya kioo,
"Anakufa mpaka lini?"

Hakucheka. Alinisukumia karatasi nitie sahihi:
nisimwambie ndugu, jirani, kasisi wala mbwa
mpaka tarehe kumi na nane Novemba.
"Safari hii wanamchoma," akasema.
"Majivu wanayarusha ndani ya jua.
Hawataki mwandishi yeyote apate hata ukucha wa kuanzia."

Nikafa saa nne na robo asubuhi.
Haikufaa: nilivuta pumzi baada ya kukata roho.
Nikafa tena. Gyöngyi akasema nimekufa kizee,
Ostler hajavuka arobaini na tano tangu filamu ya kwanza.
Mara ya tatu tumbo langu lilinguruma
na fundi mitambo akaangua kicheko,
maiti nami nikacheka.

Kisha likaja lile neno.
Kule kwao anakufa akisema *nyumbani*,
na kwa lugha yao ni silabi moja, midomo inafunga.
Letu linaiacha midomo wazi.
Huwezi kumwacha mtu anakufa amefunga mdomo
huku sauti yake ingali inatoka.
Nusu saa tulitafuta neno la kufia,
kama mtu anayepapasa funguo mfukoni kwenye baridi,
mizani itimie, midomo ikutane.
Mwisho tukampa *anyám*. Mama yangu.
Imezidi silabi, lakini inafunga vizuri.
Hivyo dunia nzima Ostler alikufa akitaka kwao,
ila Hungaria, alikokufa akimwita mama
ambaye hayumo katika filamu hata moja kati ya tisa.

Miezi minne nikaibeba maiti kwenye tramu namba sita.
Mara moja aliketi mbele yangu mtoto
mwenye begi lenye uso wa Ostler.
Nikakohoa tu, akageuka.
Nikashuka kituo kisicho changu.

Mama yangu yuko Miskolc. Macho yalimwacha
wakati wa filamu ya tano; tangu hapo
huenda sinema kusikiliza.
Huketi safu ya pili, koti mapajani,
na huwaambia wakata tiketi, kila mara,
nani anayesema humo ndani.

Novemba kumi na nane simu ililia saa tano usiku.
Hakunisalimu.
"Ulipoita," akasema, "karibu niitike."
Nikamweleza habari za midomo, za silabi.
Alisikiliza kama mtu anayesubiri maji yachemke.
Akasema kijana wa kiti cha pili alimpa leso,
akamwambia, usilie bibi, huyu hurudi.
"Nami nikamwambia, mwanangu, hurudi, ee?
Akasema, daima."

Sikujibu. Majivu yalikuwa jua.

"Sema kitu," akasema.
"Kitu gani?"
"Chochote. Nisikie."

Mezani palikuwa na bili ya umeme.
Nikamsomea: namba ya mita, tarehe, kodi,
deni la mwezi uliopita,
taratibu, kwa sauti yangu,
ambayo sasa haikuwa na mdomo wa kufukuza,
mpaka tarakimu ya mwisho,
na alipodhani nimemaliza
nikageuza upande wa pili.