Namba Kubwa

Zamu ya usiku, Barka. Novemba imelegeza joto kidogo.
Bahari inaingia kwa mabomba pasi na hodi
na kutokea upande wa pili ikiwa tamu,
tayari kwa mabirika ya Maskati.
Niko chumba cha nyaya, nimekalia ndoo ya rangi,
maana kiti amekichukua Yaarub.

Nyaya zenyewe mbili tu, zimesokotwa.
Vyombo arobaini na vitatu vimejipachika hapo,
pampu, vali, vipimachumvi,
na hakuna mwenyekiti.
Hakuna wa kunyoosha kidole akasema: sasa wewe.

Sheria imechomwa ndani ya silikoni.
Kila chombo na namba yake.
Vikianza viwili kwa pamoja, kila kimoja
husema huku kinasikiliza,
tarakimu kwa tarakimu.
Kilichotamka moja kikasikia sifuri
kinajua kuna mkubwa wake, kinanyamaza
palepale, katikati ya neno,
na neno la mwenziwe halikwaruziki.
Hakuna "samahani, nilikuwa naongea."
Namba ndogo, haki kubwa.

Nilipofundishwa haya kule Suhar nilicheka.
Mwalimu, mtu wa Kerala, akauliza kulikoni.
Sikumwambia.
Mwaka nilioletwa kutoka Unguja, darasa la sita,
Kiarabu changu kilikuwa na mfupa wa Kiswahili ndani yake,
na kila nilipofungua kinywa
nilisikia sifuri.
Hodari nilikuwa mimi! Nilijua kukata neno langu
bila kuharibu la mtu.

Saa tisa kasorobo, sakafu ya pampu ina maji.
Si mengi. Ya kulowesha soli.
Kwenye kioo kila taa ni kijani.

Kuna kihisi kimoja cha uvujaji, chini ya tangi la nne.
Kilifungwa mwisho kabisa, siku ya mafundi kuondoka,
wakakipa namba iliyobaki:
elfu mbili na arobaini.
Nikachomeka kipimo, nikatazama umeme ukipanda na kushuka.
Kilikuwa kinasema.
Jamani, kilikuwa kinasema tangu magharibi!
Kikianza, pampu ya tatu inakianza juu.
Kinanyamaza. Kinangoja. Kinaanza tena,
na pampu ile ile,
iliyopandwa na wazimu wa kujitangaza,
haivuti pumzi:
mimi mzima, mimi mzima, mimi mzima.

Sheria haikuvunjwa. Hilo ndilo lililonikaa kooni.
Kila mara kilinyamaza kwa haki.

Yaarub akasema, andika ripoti, wakubwa wataamua.
Kubadili namba kunataka saini tatu.
Nikamwambia ndiyo,
nikashuka ngazi na tochi mdomoni
nikaing'oa pampu ya tatu plagi ya mawasiliano.
Ikaendelea kuzunguka, bubu, wala haikudhurika.
Juu, taa moja nyekundu.
Kihisi kilikuwa na neno moja tu, kimelishika saa tisa nzima:
maji.

Asubuhi, mkutano. Kahawa, halwa kwenye sahani ya bati,
mhandisi Qahtan na karatasi zake.
"Bi Shinuna, ni nani aliyekuruhusu..."
Nami nikaanza, sekunde ile ile aliyoanza yeye.
Nikamsikia. Ulimi, kwa mazoea yake ya miaka ishirini na sita,
ukaanza kurudi ndani.
Nikauzuia kwa meno.
Yeye anasema saini, mimi nasema tangi la nne,
yeye utaratibu, mimi elfu mbili na arobaini,
sauti juu ya sauti, hakuna aliyemwelewa mwenziwe,
Yaarub anatazama kikombe chake.

Kwenye waya, hilo huhesabiwa kosa.
Ujumbe wote hutupwa,
laini hukaa kimya kitambo kidogo,
kisha kila mwenye neno huanza upya.

Tukakaa kimya.
Nje, bahari inaingia.