Wa Kabla ya Foleni

Misimu mitatu ya mvua Nabintu anapekua
magogo yaliyooza, milimani juu ya Bukavu,
kijiko cha chai mkononi, kichupa cha kwinini mfukoni,
na wabeba makaa wanamuuliza wakipita:
Umeangusha nini, dada?

Anamtafuta mmoja.
Si siafu. Siafu hujitangaza wenyewe,
hata kuku wa Kadutu wanawajua.
Huyu sisimizi hana msafara, hana askari,
hamwachii mwenzake harufu njiani.
Huwinda peke yake, usiku, kwa macho,
kama walivyowinda wale wa kwanza kabisa
kabla mdudu hajajifunza kupanga mstari.

Jana alimwona.
Rangi ya asali iliyoungua,
taya ndefu kuliko kichwa.
Akazuia pumzi, akainamisha kichupa,
na mdudu akamchoma kidole gumba,
akazama katika ufa wa gogo.
Mvua ikafunga mlango.

Usiku umeme umekatika.
Kwa mshumaa anachora kile alichobaki nacho:
gumba lake, limevimba, na nukta nyekundu.
Anaandika tarehe, mwinuko, aina ya mti.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo:
ushahidi unawasha.

Alfajiri yuko bombani, wa arobaini na moja,
madumu ya njano yamejipanga hadi konani.
Mama Cibalonza anamsukuma begani:
Sogea, mwalimu, wenzako wanasogea!

Anasogea.
Anajikuna gumba,
anacheka peke yake.